Bwana Misitu na Kiti cha Marehemu

Jirani yangu wa hapa Rwamishenye hakuna amwitaye kwa jina lake. Kuanzia wauza mkaa hadi imamu wake, wote humwita Bwana Misitu, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya serikalini mpaka akastaafu. Tumetenganishwa na ua wa michongoma tu. Yeye ni Mwislamu wa mjini, mimi ni Mkatoliki na katekista mstaafu, na kwa miaka mingi tumeulizana habari za asubuhi juu ya ua huo, kila mmoja akitoka kwenye sala yake. Namwandika akiwa hai. Amenipa ruhusa kwa sharti moja, kwamba nisimsifu sana, nami nitajitahidi.

Nyuma ya nyumba yake ana stoo ndefu ya bati iliyojaa samani za zamani. Kwa muda mrefu niliichukulia stoo hiyo kuwa kichekesho cha mtaa. Kisha kikapotea kiti kimoja huko Muleba, na kupotea kwake kukakaribia kumtoa binti yangu na watoto wake katika nyumba yao. Kwa sababu hiyo siwezi kumweleza Bwana Misitu bila kukieleza kiti hicho.

Anachokusanya ni samani za mbao za miaka ya ujana wetu, zile zilizotengenezwa muda mfupi kabla ya Uhuru na muda mfupi baadaye. Vitu vya zamani zaidi, vyenye maua ya kuchongwa na miguu ya simba, havimgusi. Anapenda vile vilivyonyooka: kiti chenye miguu ya mviringo, minene juu na myembamba chini, iliyotanuka kidogo kwa nje kama ya ndama anayejifunza kusimama, kabati refu lililo chini chini, lenye milango ya kuteleza, meza isiyo na urembo wowote ila mistari ya mbao yenyewe. Husema kwamba mitindo hiyo ililetwa na wamisionari kutoka Ulaya ya kaskazini, na kwamba vijana wetu katika karakana za misheni waliifanyia kazi kwa mvule wa huku. Vitu hivyo vilienda kwenye nyumba za walimu, zahanati na ofisi za kahawa. Ofisi zilipofungwa, vikasambaa vijijini, na watu wakavitumia bila kujua kwamba siku moja vitatafutwa.

Neno lake kubwa ni moja: "Geuza." Ukimwonyesha meza, kabla hajaitazama usoni atakwambia geuza. Watu wa Dar es Salaam humtumia picha kwenye simu na kumwuliza kabati hili ni la miaka gani, naye huwajibu kwa neno hilo hilo, bila salamu. Anaamini kwamba fundi hupamba pale macho yanapotazama, na chini huacha kazi ilivyo. Chini ndiko anakoangalia jinsi ulimi wa mbao ulivyoingia kwenye tundu lake, kama kuna gundi iliyomwagika, na kama skrubu ni za bisibisi bapa, za zamani, au za nyota, za siku hizi. Kisha hulowesha kidole kwa mate, hugusa mahali palipofichika, na kungoja rangi ijitokeze. Mwisho hunusa. Nimemwona akinusa mguu wa kitanda mbele ya wageni wa heshima.

Nilimwita siku moja aione meza yangu ya kulia chakula, niliyouziwa kama mvule. Akaigeuza, sahani zikiwa zimeondolewa kwa haraka na mke wangu. Akainuka polepole.

"Katekista, hii ni mbao ya sanduku. Imebatizwa mvule."

"Ubatizo ni ubatizo," nikamjibu.

"Kwenu, sawa. Kwa mbao haushiki."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Meza hiyo tunayo mpaka leo, na Bwana Misitu hula juu yake bila kinyongo.

Si mkali kwa wadanganyifu, jambo lililonishangaza kwa mtu aliyekuwa akikamata wapasua mbao msituni. Kijana mmoja mfanyabiashara alimletea kabati juu ya toroli, akidai ni la enzi za mkoloni. Bwana Misitu akasema geuza. Skrubu zote zilikuwa za nyota.

"Fundi alizibadilisha, mzee," kijana akasema.

"Zote? Pamoja na matundu yake?" Akainama, akanusa. "Mwanangu, kabati lako linanuka viatu."

Kumbe lilikuwa limepakwa dawa ya viatu ili lionekane la zamani. Kijana akacheka kwa aibu, akasema, "Basi mzee, umenishika. Nipe hata ya chai nirudi na toroli langu." Bwana Misitu akampa chai yenyewe, kwa chapati, na mchana wote akamfundisha kuitambua kazi ya kweli. Tangu siku hiyo kijana akawa mtu wake wa kumtafutia vitu vijijini, kutoka Buhembe hadi ndani kabisa ya Muleba.

Namna kijana huyo anavyofanya kazi ndiyo iliyozaa taabu yetu. Haendi na fedha. Hupakia viti vya plastiki kwenye pikapu, huingia kwenye miji ya watu, na kubadilishana: mpe kiti kikuukuu cha mbao, akupe vipya vya plastiki, vyekundu au vya bluu, utakavyo. Watu hufurahi. Plastiki ni nyepesi, haina kunguni, na siku ya wageni huwezi kuaibika. Hapo ndipo penye mgongano katika maisha ya jirani yangu, maana hakuna mtu mjini Bukoba anayechukia viti vya plastiki kama yeye, na hakuna aliyesababisha vingi zaidi viingie vijijini. Tena nyumbani kwake mwenyewe wageni hukalishwa barazani kwenye plastiki, kwa kuwa vile vya mbao haviguswi. Mkewe hajawahi kumsamehe kwa hilo.

"Stoo ina viti vya kujaza ukumbi wa harusi," hupenda kutuambia, "nami mashemeji zangu wanakalia ndoo. Mnaniona mke wa pekee? Mimi ni wa pili. Wa kwanza ni mvule."

"Na wa kwanza hana maneno mengi," mumewe humjibu, kisha hunyamaza haraka.

Jambo jingine alilolishikilia ni kutopiga msasa. Mafundi husafisha kitu cha zamani mpaka kikang'aa kama kipya, naye huona hiyo ni hasara. Alama ya kikombe, sehemu iliyolika kwa viwiko, weusi wa jasho la viganja, vyote huviacha. Nilimwuliza faida ya uchafu wa watu wengine ni nini. Akaniambia kwamba mti aliusoma chuoni, lakini kitu kilichotengenezwa kwa mti husomwa kwa yule aliyekitumia. Ukipiga msasa, umemfuta. Niliona ni maneno ya mtu mwenye nafasi nyingi.

Sasa niseme yaliyotupata.

Kwetu Buhaya, baba akifariki, msiba haujaisha mpaka mrithi, omusika, amekalishwa. Ukoo hukusanyika, na mtoto aliyetajwa na marehemu huketishwa kwenye kiti cha baba yake mbele ya wote. Akishaketi, nyumba na kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa, vina mwenyewe. Asipoketi, kila mtu ana neno. Baba mkwe wa binti yangu, aliyekuwa karani wa kununua kahawa, alimtaja mume wa binti yangu kuwa mrithi. Lilikuwa jambo lisilo na ubishi. Siku ya kumkalisha ikafika, watu wakajaa uwanjani, na baba mdogo wa mrithi, ndiye mkubwa wa ukoo sasa, akasema kiletwe kiti.

Kiti hakikuwapo. Mdogo wa mrithi ndiye aliyeweza kueleza. Wakati baba yao ameugua na hawezi tena kutoka kitandani, wageni wa kumjulia hali walikuwa wengi na hawana pa kukaa. Pikapu ikapita. Kiti cha baba kilikuwa kimewekwa jikoni nje, kuku anatagia juu yake. Akakitoa, akapokea vya plastiki, na wageni wakakaa. Alifanya kwa upendo. Hakuna aliyemfikiria vibaya mpaka siku ile.

"Basi akalie plastiki," mtu mmoja akasema kwa nyuma.

"Mkalisheni!" baba mdogo akajibu. "Mkalisheni kwenye plastiki, na kesho upepo ukivuma umchukue yeye na kibanja chake."

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Akatangaza kwamba mpaka kiti cha kaka yake kipatikane, kibanja kitakuwa chini ya uangalizi wake, na kwamba mwanawe mkubwa atahamia katika nyumba ile ili isikae bila mwenyewe. Mkwe wangu na familia yake watafute chumba mjini Muleba kwa muda. Muda gani, hakusema. Jioni ile binti yangu akanipigia simu.

"Tata, tufungashe?"

"Msifungashe. Subirini, tuombe."

Nilisali Rozari na mke wangu. Nilikuwa nimefundisha wengine kwa miaka mingi kumwachia Mungu mambo, na usiku ule nikajifunza kwamba jambo hilo ni rahisi zaidi kulifundisha kuliko kulitenda. Asubuhi, nikiwa bado nimeshika kitabu cha sala, nikasikia toroli likipita barabarani, nikakumbuka pikapu yenye viti vya plastiki. Nikaenda kwenye ua wa michongoma.

"Bwana Misitu, kijana wako huwa anafika Muleba?"

"Anafika mpaka Geita. Kwa nini?"

Nikamweleza yote. Hakunikatiza. Akauliza kiti chenyewe kilikuwaje, nami nikamwambia ninavyokikumbuka tangu siku ya mahari: mgongo wa fito, mikono iliyopanuka mbele kama kafi. Akafumba macho.

"Ninavyo vya namna hiyo. Vilitoka karakana moja, kwa kipimo kimoja, kwa ajili ya ofisi moja ya kahawa. Nimevitafuta tangu nilipostaafu, kijiji kwa kijiji, ili vikae tena pamoja. Bwana mmoja wa hoteli, kutoka Mwanza, alivitaka vyote nikamfukuza."

"Najua."

"Kikitoka kimoja, Katekista, ni jino la mbele."

Sikuwa na haki juu ya mali yake. Alikipata kwa njia halali. Nilisimama tu pale na kitabu changu. Kwa ndani mkewe akapaza sauti, "Mtoto wa mwenzio anafukuzwa nyumbani na wewe unahesabu meno?" Bwana Misitu akakohoa.

"Waambie waje," akasema. "Lakini waje na mtu aliyezoea kumwona marehemu akikaa."

Walikuja kwa gari la kukodi: mkwe wangu na mdogo wake, baba mdogo, binti yangu, na mama mkwe wake, yaani mjane mwenyewe. Bwana Misitu alikuwa ameviweka viti uwanjani, kwenye jua, vikiwa vimepangwa mstari, maana kijana wake alishindwa kukumbuka kipi alikitoa nyumba gani. Macho yangu hayakuona tofauti kati ya kimoja na kingine, isipokuwa kimoja kilichong'aa kuliko vingine. Baba mdogo akakiendea moja kwa moja.

"Hiki hapa! Namjua kaka yangu. Alipenda kitu kizuri."

Bwana Misitu akakigeuza. "Hiki nilikitoa mwenyewe Kanazi, kwa mama aliyekuwa anawekea redio. Tazama mikono yake, haina jasho la mtu."

Baba mdogo akarudi nyuma. Mkwe wangu, aliyekuwa amekonda kwa mawazo, akasema kwa unyenyekevu, "Mzee wetu waitu, vyote vinafanana. Tupe chochote, tumalize."

Mimi moyoni nikaitikia amina. Bwana Misitu akatikisa kichwa.

"Chochote ninaweza kukupa, mwanangu, hata sasa. Lakini siku mtu atakapokwambia sicho, utainuka uende wapi?"

Mtu huyo angeweza kuwa baba mdogo, naye alikuwa amesimama pale pale. Ndipo Bwana Misitu akamgeukia mjane.

"Mama, pole na msiba. Marehemu alikuwa anakaaje?"

"Anakaa kama watu wanavyokaa," mjane akajibu, na wote tukacheka kidogo.

"Nionyeshe."

Akakataa. Akasema si heshima mke kumwigiza mumewe mbele ya wakwe. Binti yangu akamnong'oneza jambo. Mjane akafunga khanga vizuri, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akanyoosha mguu wa kulia mbele yake ukiwa umenyooka kabisa, akauegemeza mwili wote upande wa kushoto, na kwa mkono wa kushoto akaushika mkono wa kiti kama mtu aliyeshika usukani. Kisha, kwa sauti nzito isiyo yake, akapaza:

"Nani huyo anapita kibanjani kwangu? Pita kwa adabu!"

Tukaangua kicheko. Baba mdogo alicheka zaidi ya wote, halafu nikamwona anajifuta macho kwa mkono wa koti. "Ndiye," akasema. "Ndiye huyo huyo."

Mjane akaeleza kwamba mguu ule ulivunjika kwa baiskeli, wakati wa kazi ya kahawa, na haukukunjika vema tena. Alipotaka kuinuka alijisukuma kwa mkono wa kushoto. Na alikuwa akikaa wapi? Mlangoni, tangu asubuhi, jua likimpiga upande huu. Akagusa shavu lake la kulia.

Bwana Misitu hakusema geuza. Alipita mstarini taratibu, akiinama na kupapasa, akaviondoa viti kimoja kimoja mpaka vikabaki viwili. Kimoja kilikuwa kimepauka pande zote sawa. Kingine kilikuwa kimepauka upande wa kulia tu; mkono wake wa kushoto ulikuwa mweusi kwa jasho, na mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa umelika chini. Akakiinamisha tuone. Chini ya mkono wa kushoto, pale kiungo kilipolegea kwa kusukumwa miaka yote, kulikuwa na kijiti kidogo cha rangi nyingine kilichopigwa kukaza.

"Hiki kijiti kimenisumbua," akasema. "Si mvule, si mtiki, si mninga. Nimekinusa mara nyingi, sikukijua."

"Ni mbuni, mti wa kahawa," mjane akasema. "Alikichonga mwenyewe kwa kisu cha kumenyea ndizi, kutoka kwenye mbuni ulioangushwa na mvua. Nilimwambia aite fundi, akakataa."

"Mbuni!" Bwana Misitu alifurahi kama mtoto. "Mimi natafuta msituni, kumbe uko kibanjani!"

Mjane akaweka kiganja chake juu ya ule weusi na kukiacha hapo. Hakuna aliyemharakisha. Baada ya muda, baba mdogo akakiinua kiti mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akakipeleka kwenye gari. Mkwe wangu akauliza kwa woga wanadaiwa nini.

"Ilikuwa biashara ya kubadilishana," Bwana Misitu akajibu. "Nirudishieni plastiki yangu." Na kweli waliirudisha wiki iliyofuata, naye akavipokea viti vile kwa uso wa mtu anayepokea mzigo wa samaki waliooza.

Mrithi alikalishwa. Baba mdogo ndiye aliyemshika mabega na kumketisha, akasema maneno ya ukoo kwa sauti ya juu, bila kusitasita hata kidogo. Mwanawe hakuhamia popote. Nilimtazama binti yangu upande wa wanawake. Alikuwa amefunga mikono kifuani, na alipomwona mumewe ameketi, mikono ikashuka. Nilisema Deo gratias kwa sauti, kwa mazoea ya zamani, na jirani yangu, aliyekuwa amealikwa, akaitikia Alhamdulillah.

Tangu hapo Bwana Misitu amebadilika kidogo. Kabla hajakubali kitu, humwuliza kijana wake nani alikikalia, kama yu hai, na kama nyumba ile ina mrithi aliyekwisha kukalishwa. Kijana hulalamika, "Mzee, siku hizi kukuletea kitu ni kama kuhojiwa polisi." Mara nyingine huenda mwenyewe. Alikwenda mpaka karibu na Kamachumu kuona kabati la milango ya kuteleza ambalo aliliota kwa miaka, akakuta bibi wa nyumba ile bado anaweka nguo zake humo. Akanywa chai, akarudi mikono mitupu, akanisimulia habari za kabati hilo kwa furaha, kana kwamba limo stooni mwake.

Mara ya mwisho nilipokaa naye kwa muda mrefu ilikuwa juzi tu, baada ya mvua. Macho yake yamefifia kwa mtoto wa jicho, na hutambua mbao kwa vidole zaidi kuliko kwa kutazama. Binti yangu alikuwa amekuja kutusalimia, akapita kumpelekea senene waliokaangwa. Akapiga goti, akamwamkia. Bwana Misitu akaitikia, kisha akauliza kama mtu anavyouliza habari za mgonjwa:

"Na kiti kinaendeleaje?"

"Ai, Bwana Misitu, kinanichosha!" binti yangu akasema. "Mume wangu hataki mtu akiguse, basi mimi ndiye mfuta vumbi. Kila siku! Zile fito za mgongo zinashika vumbi kama nini. Nalowesha tambara, nasugua, kesho yake limerudi."

"Unalowesha?"

"Kwa maji ya sabuni."

Bwana Misitu akashika kichwa. "Maji? Juu ya mvule wa umri ule? Tambara kavu, mwanangu! Kavu!"

"Kavu halitoi uchafu wa watoto, baba. Wewe hujawaona wajukuu wa huyu." Akanionyesha kwa kidole.

"Basi kavu, kisha mafuta kidogo. Kidogo!"

"Mafuta si yatashika vumbi zaidi?"

Mkewe akatoka ndani na kumwambia binti yangu asikubali, kwani mwanaume huyo hajawahi kushika tambara maishani mwake. Bwana Misitu akaapa kwamba amewahi. Wakaanza wote watatu kwa pamoja. Nilikumbuka sauti ya binti yangu kwenye simu, akiniuliza kama afungashe, na sasa nikamsikia akibishana na wazee kuhusu maji ya sabuni, kwa sauti ya mwanamke ambaye jioni atarudi kwake. Sikuwaamua. Nilichukua senene, nikaegemea ukutani, nikawaacha waendelee mpaka adhana ya alasiri ilipomwinua jirani yangu, naye akaenda kutawadha huku bado akisema, "Kavu!"